Mbishi wa Runinga na Bendi ya Mahipi: Kisa cha Tucker Carlson

Alasiri ya Oktoba 15, 2004, mchekeshaji Jon Stewart alikaribishwa kwenye Crossfire, kipindi cha mabishano cha CNN kilichokuwa kikirushwa moja kwa moja kutoka ukumbi wa Chuo Kikuu cha George Washington. Utaratibu wa kipindi ulikuwa wa majogoo wawili uwanjani: mmoja wa mrengo wa kulia, mmoja wa kushoto, meza katikati, watu wa kushangilia pembeni, na nusu saa ya kukatana kauli. Upande wa kulia alikaa Tucker Carlson, miaka 35, tai ya kipepeo shingoni. Alitaka mgeni awachekeshe. Mgeni hakuja kuchekesha. Alimwambia yeye na mwenzake Paul Begala kwamba wanachokifanya kinaiumiza Marekani, akawasihi waache, na hapo katikati hata ile tai haikupona. Januari iliyofuata CNN ilitangaza kwamba Crossfire inafungwa na Carlson anaondoka.

Wengi wanamkumbuka kwa siku ile. Wengi zaidi wanamjua kwa miaka ya Fox News, kuanzia Novemba 2016 hadi Aprili 2023, alipokuwa na saa yake mwenyewe ya usiku. Katikati ya mwaka 2020 waliomtazama walipita wastani wa milioni 4 kwa usiku, wastani wa robo mwaka ambao kwa televisheni za habari za kulipia Marekani ulikuwa haujawahi kuonekana. Uso wake ulikuwa silaha. Paji limekunjana, kichwa kimelala kidogo upande mmoja, mdomo uko wazi nusu, kama mtu aliyeletewa bili ya maji ya nyumba ya jirani. Kisha anauliza swali lilelile kwa mara ya tatu, polepole, mpaka mgeni anaanza kusikika mjinga hata kama ana hoja. Waliberali, wanahabari wenzake, sera za uhamiaji, matajiri wa kampuni za teknolojia, hata vigogo wa chama cha Republican: kila mmoja alipata zamu yake.

Mwambie mtu aliyemzoea hivyo kwamba nje ya kamera bwana huyu ni shabiki lialia wa Grateful Dead. Atadhani unamtania. Mwenyewe amesema hadharani kwamba amekwenda kuitazama bendi hiyo zaidi ya mara 50. Na mara hamsini huwezi kuziita mapenzi ya redioni. Hizo ni nauli, mafuta ya gari, foleni za tiketi, na usiku wa kulala sebuleni kwa rafiki wa rafiki.

Jambo hili hutajwa kama kichekesho, watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwingine. Mimi naona lina nyama zaidi ya hapo.

Kwanza bendi yenyewe, kwa msomaji ambaye haijawahi kumfikia. Ilianza mwaka 1965 Palo Alto, kusini ya San Francisco. Jerry Garcia alishika gitaa na sauti, Bob Weir gitaa la pili, Phil Lesh besi, Bill Kreutzmann ngoma, Ron McKernan kinanda na harmonika. Mwaka 1967 akaongezeka Mickey Hart, wakawa na wapiga ngoma wawili. Walipiga kwa miaka 30, zaidi ya maonyesho 2,300, mpaka Garcia alipofariki Agosti 9, 1995, akiwa na miaka 53. Katika muda wote huo ni wimbo wao mmoja tu ulioingia kumi bora za Marekani, na huo ulikuja mwaka 1987, miaka 22 tangu waanze. Riziki yao haikutoka kwenye sahani za santuri. Ilitoka jukwaani.

Na jukwaani hawakujirudia. Usiku wa leo haukuwa na orodha ya jana, na hata wimbo uleule ulitoka tofauti, kwa sababu katikati yake bendi iliacha njia iliyoandikwa ikaingia msituni. Wimbo wa dakika sita ungeweza kufika ishirini na tano, ukayeyuka, ukaingia kwenye wimbo mwingine bila kusimama. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi anaweza kufikiria sebene, ila sebene lisilo na mwisho uliopangwa, wala rapa wa kuwaamsha wachezaji, na ambalo lingeweza pia kuharibika kabisa mbele ya watu elfu kumi na tano. Liliharibika mara nyingi. Mashabiki wa kweli watakuambia bila aibu kwamba kuna usiku bendi ilikuwa mbovu, na kwamba ndiyo sababu ya kwenda tena kesho.

Basi wakaifuata mji kwa mji. Walijiita Deadheads. Nje ya kila ukumbi, kwenye maegesho, ulizuka mji mdogo wa siku moja: fulana za batiki, shanga, mikate ya jibini inayokaangwa kwenye jiko la gesi nyuma ya gari, watu wanaoinua kidole kimoja juu kuomba tiketi ya bure.

Sifa ya bendi, kwa aliyesimama nje, ilikuwa ya mahipi na dawa za kulevya, na haikuwa sifa ya kusingiziwa. Fundi sauti wao wa mwanzo, Owsley Stanley, ndiye aliyekuwa mtengenezaji mashuhuri kuliko wote wa LSD pale San Francisco. Ukija kwenye siasa, Februari 2008 baadhi ya wanabendi waliobaki walikusanyika San Francisco kumpigia debe Barack Obama, na alipoapishwa Januari 2009 walitumbuiza kwenye moja ya dhifa za sherehe hiyo. Weka hayo upande mmoja, weka saa ya usiku ya Fox News upande wa pili, na mshangao wa watu unaeleweka.

Unaanza kupungua pale unapouliza mtu huyu katoka wapi.

Carlson alizaliwa San Francisco, Mei 1969. Mji uleule, na miaka ileile ambayo bendi ilikuwa ikipanda. Baba yake, Dick Carlson, alikuwa mwanahabari wa televisheni huko California. Miaka ya themanini akapewa kuongoza Sauti ya Amerika, ndiyo, hiyohiyo ambayo idhaa yake ya Kiswahili wazee wetu waliisikiliza jioni redio ikiwa dirishani, kisha akawa balozi wa Marekani nchini Shelisheli. Mtoto alikulia La Jolla, kusini mwa California, akapelekwa upande wa pili wa nchi, kwenye shule ya bweni ya St. George's, Rhode Island, akaendelea na Trinity College, Hartford, alikomaliza mwaka 1991.

Hapo kwenye shule ya bweni ndipo penye ufunguo. Mtu wa nje akisikia Grateful Dead anamwona kijana mwenye ndevu, miguu peku, hana kazi. Lakini miaka ya themanini, mabweni ya shule za ada kubwa za New England yalikuwa viota vya bendi hii. Watoto wa kishua walikuwa na vitu vyote ambavyo ushabiki wa namna ile unadai: pesa ya tiketi, gari la kuazima kwa kaka wa mtu, na wikendi ambayo mzazi hayupo kuuliza. Jiografia nayo iliwapendelea. Providence, Worcester, Boston, Hartford, Portland: kumbi kubwa zimepangana kama vituo vya daladala, na ziara za bendi za majira ya kuchipua na ya vuli zilipita humo karibu kila mwaka. Carlson akiwa chuoni Hartford, bendi ilipiga mjini hapohapo usiku tatu mfululizo Aprili 1988, ikarudi kwa usiku mbili Machi 1990.

Wamarekani wenyewe waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1984 mwimbaji Don Henley aliingiza ndani ya wimbo wake mstari kuhusu stika ya Deadhead aliyoiona imebandikwa kwenye Cadillac. Mstari ule ulishika kwa sababu kila mtu alielewa maana yake: gari la mwenye nazo, stika ya wasio nazo, na dereva haoni tatizo lolote. Carlson, aliyekuwa na miaka 15 mwaka huo, alikuwa akielekea kwenye kizazi cha Cadillac zenye stika.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini mhafidhina mwenye tai ya kipepeo anapenda bendi ya mahipi, jibu langu la kwanza halina falsafa. Alisoma kwenye shule ambazo vijana wenye tai ndio waliokuwa wakiipenda. Aliupata muziki ule kama wengi wetu tunavyopata timu ya mpira: ulikuwepo chumbani alipofika.

Jibu hilo lingetosha kama angekwenda mara tatu. Amekwenda zaidi ya hamsini, na anaendelea kuisimulia bendi akiwa mtu wa makamo. Kuna kitu kilichomshika.

Hebu tumtazame mtu mwingine kabla ya kumrudia. John Perry Barlow aliandika mashairi ya nyimbo nyingi alizoimba Bob Weir. Walikutana wakiwa vijana kwenye shule ya bweni huko Colorado (bweni tena). Ukimsikia tu, utamdhania mshairi wa San Francisco. Barlow alikuwa mfugaji wa ng'ombe Wyoming, kwenye ranchi ya familia yake, na alikuwa mwanachama wa Republican mwenye cheo ndani ya chama katika wilaya yake. Mwaka 1978 alifanya kazi katika kampeni ya kwanza ya ubunge ya Dick Cheney, huyohuyo aliyekuja kuwa makamu wa rais wa George W. Bush. Baadaye walikosana vibaya. Mwaka 1990 Barlow alikuwa miongoni mwa walioanzisha taasisi ya kutetea uhuru wa watu kwenye mitandao ya kompyuta, na mwaka 1996 akaandika tangazo la kuziambia serikali za dunia zikae mbali na intaneti.

Namleta Barlow kwa sababu anaonyesha kwamba ndani ya bendi yenyewe palikuwa na mlango wa kulia, na haukufichwa. Mlango huo uliandikwa: usinipangie. Mahipi wa San Francisco na wafugaji wa Wyoming waligombana karibu kwa kila kitu, lakini wote wawili hawakupenda mtu wa serikali asimame getini kwao na faili. Tucker Carlson wa miaka ya tisini, mwandishi kijana wa majarida ya kihafidhina mjini Washington, alikuwa mtu wa msimamo huo. Sikiliza vipindi vyake vya Fox na utaukuta bado upo, ingawa umebadilika sura: wakubwa wanakudanganya, wataalamu wanakudharau, wewe na mimi ndio tunaojua. Hisia ya kuwa kabila dogo lililozungukwa na wasioelewa ilikuwa chakula cha kila siku kwenye yale maegesho. Wala hakuwa wa pekee. Ann Coulter, mwandishi mwenye ulimi mkali kuliko hata wa Carlson, ni shabiki wa muda mrefu wa bendi hiyohiyo, na mwaka 2006 alikaa kwa mahojiano marefu juu ya mapenzi hayo tu.

Halafu kuna suala la kaseti, ambalo mimi binafsi ndilo lililonivuta kwenye kisa hiki.

Bendi nyingi zilimkamata mtu akirekodi ukumbini zikamnyang'anya mashine. Grateful Dead waliruhusu. Oktoba 1984 walikwenda mbali zaidi: wakatenga eneo maalumu nyuma ya meza ya fundi sauti, na tiketi zake, kwa ajili ya wanaorekodi. Ukitazama picha za ukumbi za miaka hiyo utaona msitu wa stendi, maikrofoni zimeinuliwa juu ya vichwa kama mabua ya mahindi yaliyokauka, na chini yake watu wameinama juu ya mashine na tochi ndogo, hawachezi, hawapigi makofi karibu na maikrofoni, wanaangalia mshale wa sauti usiguse nyekundu. Sharti lilikuwa moja: usiuze. Unabadilishana. Unampelekea mtu kaseti tupu za dakika 90 na stempu za kurudishia, naye anakurudishia usiku wa mji fulani, tarehe imeandikwa kwa kalamu ubavuni. Onyesho la Mei 8, 1977, kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Cornell lilienea hivyo kwa miaka mingi, mkono kwa mkono, mpaka likaingizwa katika hazina ya taifa ya sauti ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo taarabu ya harusi ilinakiliwa kaseti kwa kaseti, ikapoteza ubora kila inapohama nyumba, tunalijua pendo la namna hii. Unajifunza kupenda hata kikohozi cha mtu aliyekuwa karibu na maikrofoni. Na unakuwa na dharau fulani kwa yule anayenunua sahani dukani, iliyosafishwa, ya watu wote.

Dharau hiyo ni ya kisiasa kuliko inavyoonekana. Shabiki wa Grateful Dead alijiona ana kitu ambacho redio haichezi, gazeti halielewi na duka haliuzi. Alikuwa na njia yake ya habari. Kijana aliyelelewa kwenye njia hiyo akija kuwaambia mamilioni ya watazamaji kwamba vyombo vikubwa vya habari vinawaficha mambo, hajabadilisha wimbo. Amebadilisha mashairi tu.

Sasa nije kwenye maelezo mawili ambayo husikika sana, na ambayo sikubaliani nayo. La kwanza ni kwamba huu ni unafiki: anawatukana waliberali usiku, anacheza na waliberali wikendi. Unafiki unahitaji mtu afiche, na Carlson hafichi. Unahitaji pia muziki uwe wa chama, na huu haukuwa. Kwenye umati uleule alikuwemo Patrick Leahy, seneta wa Democratic kutoka Vermont, shabiki wa miaka mingi ambaye wanabendi walikuwa rafiki zake. Kulikuwa na kundi la mashabiki walioacha pombe na dawa, waliokutana wakati wa mapumziko chini ya puto za njano ili wasaidiane kumaliza usiku bila kuteleza, katikati ya watu waliokuwa wakitumia kila kitu. Mtu anayesema umati ule ulikuwa wa aina moja hakuwahi kufika mapumziko.

La pili ni kwamba ni kumbukumbu za ujana basi, kama baba anayehifadhi viatu vyake vya mpira. Hili lina ukweli kidogo. Lakini kumbukumbu za ujana hukaa kimya kwenye kabati. Mtu anayeendelea kuzitoa na kuzisimulia anazihitaji kwa kazi fulani ya leo. Kwa mtangazaji ambaye sura yake ya hadharani ilikuwa ya mtoto wa shule ya ada kubwa, Grateful Dead ni cheti cha upande wa pili: kwamba ameshawahi kukaa chini kwenye lami na watu. Sisemi ametunga. Nasema anajua thamani yake.

Palipo na ukinzani, kwa maoni yangu, ni mahali pengine kabisa, na sijaona watu wakipagusa. Siasa tuziweke kando, tutazame namna kazi zenyewe zinavyofanyika.

Grateful Dead ikiwa imeingia msituni, chombo cha kwanza ni sikio. Lesh hakupiga besi ya kushikilia mdundo tu. Alipiga kama mtu anayejibu. Garcia alirusha maneno matatu ya gitaa, akanyamaza, akasubiri. Weir alijaza nafasi zilizobaki, hazikuwa nyingi, na alijifunza kuzijaza kwa vipande vidogo vya ajabu. Wapiga ngoma wawili walilazimika kusikilizana kuliko wote, maana wakigongana bendi nzima inaanguka. Usiku mbovu wa bendi ile ulikuwa ule ambao mtu mmoja aliacha kusikia wengine. Usiku mzuri, hukujua nani anaongoza.

Mfano ninaoupenda unatoka bara letu. Septemba 14 hadi 16, 1978, walipiga chini ya piramidi za Giza, mbele ya ile Sphinx, kwa gharama yao wenyewe, na mapato yakaenda kwenye idara ya mambo ya kale ya Misri na kwenye shirika la hisani alilolichagua Jehan Sadat. Mumewe, rais Anwar Sadat, hakuwepo. Alikuwa Camp David, Marekani, akijadiliana na Menachem Begin, waziri mkuu wa Israeli. Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, akapiga ngoma kwa mkono mmoja. Mafundi walijaribu kuvuta nyaya hadi ndani ya piramidi kubwa ili chumba cha mfalme kiwape mwangwi, wakashindwa.

Aliyewafungulia usiku alikuwa Hamza El Din, Mnubi wa kijiji cha Toshka, kijiji kilichozama pale Bwawa Kuu la Aswan lilipojengwa. Alikuja na kundi la Wanubi wenzake, mavazi meupe, tari mikononi. Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa tari ni nini, wala udi, ambao Hamza alikuwa bingwa wake. Wakaanza kuimba na kupiga makofi, duara moja linalozunguka, halina haraka. Baada ya muda Mmarekani mmoja akaingia, akashika mdundo wao kwa chini, hakuugeuza. Kisha wa pili. Kisha gitaa la Garcia, kwa sauti ndogo, likitafuta pa kukaa katikati ya makofi. Wanubi hawakusimamishwa ili wageni waanze. Wageni walipenya mmoja mmoja, na ilichukua dakika kadhaa kabla wimbo wa Toshka haujawa wimbo wa California, na hata ulipokuwa, makofi yalikuwa bado yamo. Jioni ya mwisho mwezi ulipatwa wote juu yao.

Rudisha macho Crossfire. Meza, mmoja kulia, mmoja kushoto, nusu saa ukitoa matangazo. Kazi ya mtangazaji ni kuwahi. Anayesubiri mwenzake amalize sentensi amepoteza. Ukimya wa sekunde mbili ni ajali ya kiufundi. Kule Fox News aliondolewa mpinzani wa kudumu, lakini kanuni ikabaki: mgeni anayepinga huletwa ili akunjiwe uso. Huyu ndiye mtu aliyelipa kiingilio mara hamsini kwenda kutazama watu sita wakifanya kinyume chake kwa saa tatu.

Nimelifikiria hili, na sidhani ni fumbo la moyo wake. Tunaweza kupenda kwa wengine kitu ambacho kazi yetu imetunyang'anya. Dereva wa basi la mikoani hupenda kukaa kibarazani. Tena muziki haukulazimishi: unaweza kusimama ndani ya ukumbi wa watu wanaosikilizana, ukafurahi mpaka machozi, na kesho ukaenda kazini kumkatiza mtu maneno. Hata kucheza, ambako mashabiki wa Dead wanajulikana kwa kuzunguka wenyewe kama pia, hakukumwambukiza. Mwaka 2006 aliingia kwenye shindano la dansi la watu mashuhuri la ABC, akaianza cha-cha yake akiwa ameketi kwenye kiti huku mwenzake akimzunguka, na akawa wa kwanza kutolewa.

Aprili 24, 2023, Fox ilitangaza kuachana naye, siku sita baada ya kukubali kuilipa Dominion, kampuni ya mashine za kupigia kura, dola milioni 787.5 kumaliza kesi ya kuichafulia jina kuhusu uchaguzi wa 2020. Akahamia kwenye mahojiano ya mtandaoni, bila saa ya kufunga. Kwa umbo, hatimaye alikuwa amekaribia kitu alichokipenda ujanani: kipande kirefu, hujui kitaishia wapi. Februari 2024 alikwenda Moscow kumhoji Vladimir Putin, zaidi ya saa mbili. Swali la kwanza lilijibiwa kwa karibu nusu saa ya historia ya Urusi kuanzia karne ya tisa. Paji la uso likakunjana kama zamani, kichwa kikalala upande, ila safari hii mkatizaji alijaribu mara chache, akaachia.

Bendi yake ingemwonyesha kasoro iko wapi. Garcia aliponyamaza kumpisha Lesh, alikuwa akiandaa jibu, na lisipokuja jibu, mazungumzo yale yanageuka mtu mmoja anayepiga peke yake. Siku chache baadaye Putin mwenyewe aliiambia televisheni ya kwao kwamba hakuridhika sana na mahojiano yale. Alikuwa amejiandaa, alisema, kwa maswali makali.